Njia tatu za kupata kompyuta ya kwanza ya michezo jijini Mwanza: ulinganisho kwa anayesita

Anayetaka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya michezo hapa Mwanza hukutana na ushauri mwingi kabla hajashika hata kifaa kimoja. Rafiki wa mtaani humwambia anunue kompyuta ya ofisi iliyotumika na kuichomekea kadi ya michoro, yaani kifaa kinachotengeneza picha za mchezo. Muuza duka humshauri achukue prosesa (ubongo wa kompyuta) yenye michoro ndani yake aanze kucheza leoleo. Na video anazotazama usiku humwonyesha mashine mpya yenye kioo ubavuni na feni zinazowaka. Ushauri wote huo una ukweli ndani yake, lakini kila mmoja umejengwa juu ya hali fulani ya mfuko, ya nyumba na ya umeme, na hali hiyo huenda si ya anayeshauriwa. Ndiyo maana nimeona niziweke njia hizo tatu kwenye mizani moja.

Njia ya kwanza ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, kwa mfano Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 yenye prosesa ya Intel Core i5-8500, ikiongezewa kadi ya michoro isiyohitaji waya wake wa umeme, kama vile GTX 1650 au RTX 3050 ya GB 6. Njia ya pili ni mashine mpya isiyo na kadi ya michoro, inayotegemea prosesa kama AMD Ryzen 5 5600G ambayo imebeba michoro ndani yake. Njia ya tatu ni mashine kamili: Ryzen 5 5600 au Intel Core i5-12400F, pamoja na kadi inayojitegemea ya daraja la RX 6600 au RTX 4060.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo manne: umeme, yaani wati zinazoliwa na uwezo wa kustahimili umeme wetu, michezo inayochezeka, nafasi ya kuongeza baadaye, na urahisi wa kupata vipuri na fundi mtu akiwa huku kanda ya ziwa. Sikuweka bei kwa shilingi, kwa sababu bei ya leo haimsaidii atakayesoma baada ya miezi miwili. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ilipanda kwa kasi duniani kote, na bajeti nyingi zilizokuwa zimepangwa vizuri zikavurugika ndani ya wiki chache. Inatosha kusema kwamba njia ya kwanza kwa kawaida ndiyo inayoanza kwa fedha kidogo, ya pili hufuata, na ya tatu huhitaji fedha nyingi kwa mkupuo mmoja.

Umeme

Kigezo hiki nimekitanguliza kwa makusudi. Tukadirie kwamba mtu anacheza saa tatu kila siku kwa siku 30. Kompyuta ya ofisi yenye GTX 1650 hutumia takriban wati 150 inapochezewa mchezo mzito, sawa na uniti 13 na nusu kwa mwezi. Mashine ya 5600G bila kadi hutumia wati 90 hivi, ambazo ni uniti nane. Mashine kamili yenye RX 6600, kadi ambayo peke yake imepewa kiwango cha wati 132, hufika wati 250 kwa jumla, na hizo ni uniti 22 na nusu. Monita ya wati 25 huongeza uniti mbili na robo kwa kila njia. Kwa nyumba iliyo katika kundi la wateja wa matumizi madogo, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, tofauti ya uniti 14 kati ya njia ya pili na ya tatu inaweza kuitoa familia nzima kwenye kundi hilo. Kijana anayeishi kwa wazazi azungumze nao kabla ya kununua, kwa sababu LUKU inanunuliwa na mzazi.

Wati ni nusu tu ya suala. Nusu ya pili ni namna umeme unavyofika. Kuna nyumba ambazo saa moja jioni, majirani wanapowasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja, nguvu ya umeme hushuka hadi balbu zikafifia. Na kuna siku umeme hukatika na kurudi mara kadhaa ndani ya dakika moja. Kinachosimama kati ya hali hiyo na vifaa vyako ni pawa saplai, kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, na hapo ndipo anayeanza hubana fedha kuliko mahali pengine pote.

Mashine yangu ya kwanza niliiunda kwa pawa saplai iliyokuja ndani ya kasha, imeandikwa wati 500 ubavuni, nyepesi kama boksi tupu la viatu. Baada ya miezi mitano umeme ulikatika na kurudi mara tatu mfululizo, nikasikia mlio mfupi na harufu ya kuungua, na ubao mama unaounganisha vifaa vyote, ambao mafundi wengi huuita mazabodi, ukaondoka pamoja na pawa saplai. Hasara ile iliniuma kwa muda mrefu, maana fedha nilizookoa kwenye kifaa kimoja zilikuwa ndogo kuliko gharama ya vifaa viwili nilivyovipoteza.

Tangu hapo nimekuwa nikimshauri kila anayeniuliza ageuze pawa saplai na kusoma nyuma yake. Yenye swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230 ni ya muundo wa zamani: huvumilia mteremko mdogo tu wa volti, na swichi hiyo ikisogezwa kwenye 115 kwa bahati mbaya, italipuka mara tu itakapochomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230. Iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240 haihitaji swichi, na ina nafasi kubwa ya kuendelea kufanya kazi umeme unapodhoofika. Alama ya 80 Plus ni nzuri kuwa nayo, ila ijulikane kwamba hupima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kama joto. Haithibitishi kwamba kifaa kina kinga ya kutosha. Kwa mashine yenye RX 6600, pawa saplai ya kuaminika ya wati 450 au 550 inatosha, na ni bora kuliko ya wati 700 isiyojulikana ilikotoka.

Kwa upande huu kompyuta za ofisi zina sifa ambayo watu huisahau: pawa saplai zake, ingawa ni ndogo, mara nyingi kati ya wati 180 na 260, zimetengenezwa kwa ajili ya kazi ya kutwa nzima na nyingi hupokea volti 100 hadi 240. Njia ya pili na ya tatu hutegemea kabisa uamuzi wa mnunuzi mwenyewe.

UPS, kifaa chenye betri kinachoibeba kompyuta umeme unapokatika, nayo ihesabiwe mapema. Ya VA 650 hutoa wati 360 hivi, zinazotosha kuibeba njia yoyote kati ya hizi tatu kwa dakika chache, na kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima, si kumaliza mechi. Baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lisilo laini, na pawa saplai za kisasa zinaweza kujizima zinapohamishiwa kwenye betri. Mwombe muuzaji azijaribu pamoja, mzigo ukiwa juu, kabla hujalipa.

Michezo inayochezeka

Hapa jibu hutegemea kile mtu anachokipenda, na ni vyema akawa mkweli kwa nafsi yake. Wengi ninaowafahamu hucheza mpira wa EA Sports FC, Valorant, Counter-Strike 2 na GTA V. Kwa michezo hiyo, njia ya kwanza yenye GTX 1650 hutoa mchezo mlaini kwenye skrini ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080) kwa mipangilio ya kati. Njia ya pili hucheza hiyohiyo kwa mipangilio ya chini. Valorant haiisumbui, lakini Counter-Strike 2 huifanya ihangaike pale moshi na milipuko inapojaa. Njia ya tatu huicheza yote kwa mipangilio ya juu na kubakiwa na nguvu.

Tofauti kubwa hujitokeza kwenye michezo mipya ya hadithi. Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka Desemba 2024, hauanzi kabisa kwenye kadi isiyo na vifaa vya kukokotoa miale ya mwanga, na kwa hiyo GTX 1650 na RX 580, kadi ya zamani ya AMD, zimefungiwa mlango hata kwa anayekubali picha hafifu. RTX 3050 na RX 6600 zina vifaa hivyo. Anayeota michezo ya aina hiyo atumie muda wake kuifikiria njia ya tatu, hata ikimaanisha kusubiri miezi sita ya kuweka akiba.

Njia ya pili ina sharti moja ambalo likikiukwa huiharibu yote. Michoro ya 5600G haina kumbukumbu yake yenyewe, bali huazima kutoka kwenye RAM ya kompyuta, na kasi ya RAM ndiyo kasi ya picha. Kwa hiyo lazima ziwekwe RAM mbili za GB 8, si moja ya GB 16, ili njia zote mbili za kusafirishia data zitumike. Nimeona mashine mbili za aina hii, moja ikidaiwa kuwa mbovu, na ugonjwa wake wote ulikuwa RAM moja iliyosimama peke yake.

Nafasi ya kuongeza baadaye

Njia ya kwanza hugota mapema. Viunganishi vya pawa saplai za Dell na HP za ofisi si vya kawaida, kasha dogo hupokea kadi fupi tu, na sehemu ya kuchomekea kadi hutoa wati 75 basi. Wapo wanaovutiwa na Intel Arc B580 kwa sababu ya GB 12 zake, lakini kadi hiyo hutaka ubao mama wenye uwezo unaoitwa Resizable BAR, ambao kompyuta za ofisi za kizazi hiki kwa kawaida hazina, na bila huo kasi yake hushuka sana. Mnunuzi wa njia hii aichukue kama mashine iliyokamilika. Vilevile asikubali kuuziwa kizazi cha sita au cha saba cha Intel kwa bei ya cha nane: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari katika i5-8500 ndiyo inayotaja kizazi, basi isomwe.

Njia ya pili imetengenezwa kwa ajili ya kukua. Unaanza bila kadi, unacheza, unaweka akiba, kisha unaongeza RX 6600 siku ukiiweza, ilimradi pawa saplai iliyonunuliwa mwanzoni ilikuwa na nguvu ya kuibeba. Gharama yake iliyofichika ni kwamba 5600G ina MB 16 za kumbukumbu ya ndani ya prosesa ya daraja la tatu (L3), wakati 5600 ina MB 32, na 5600G hutumia PCIe 3.0, njia inayounganisha kadi na prosesa, badala ya 4.0 yenye kasi zaidi. Kwa RX 6600 upungufu huo ni wa kuvumilika. Kwa RX 6500 XT, inayotumia njia nne tu za PCIe, ni mkubwa, na mwenye 5600G aiepuke kadi hiyo.

Njia ya tatu inaweza kukua pia, japo kwa namna tofauti. Soketi ya AM4, yaani sehemu ya ubao mama inayobeba 5600, imefika ukingoni mwa safari yake. Bado unaweza kupanda hadi Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 kwenye ubao mama uleule wa aina ya B550, kisha basi. Soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, AMD imeahidi kuihudumia hadi mwaka 2027 na kuendelea, lakini hutumia RAM za kizazi kipya cha DDR5 pekee, na kwa bei za sasa simwoni mjenzi wa mara ya kwanza akifaidika kwa kuikimbilia isipokuwa ana mfuko mpana.

Vipuri, usafiri na mazingira ya ziwa

Maduka ya kompyuta ya katikati ya jiji yana RAM, SSD (hifadhi ya kasi), pawa saplai na kompyuta za ofisi kwa wingi wa kutosha. Kadi za michoro na ubao mama wa michezo mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kusafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,100. Hapo njia ya kwanza inaongoza, maana ikiharibika mashine nzima inaweza kubadilishwa siku hiyohiyo. Anayeagiza mashine iliyokwisha kuundwa asisitize kadi ya michoro itolewe na kufungwa peke yake. Uzito wake ukitikiswa usiku kucha barabarani huweza kuvunja sehemu ilipochomekwa. Msomaji wa Sengerema au Geita anayevuka sasa kwa daraja la Kigongo–Busisi afuate kanuni hiyohiyo, na wa Ukerewe afunge kila kitu kwa nailoni dhidi ya maji ya kivukoni.

Hali ya hewa yetu ni rafiki. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto la hapa ni la wastani ukilinganisha na la pwani. Feni inayokuja na prosesa inatosha kwa njia zote tatu. Adui ni vumbi la barabara zisizo na lami na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa juu ya maji kama moshi. Usiku hufuata mwanga wa skrini, hunyonywa na feni, na miili yao hufanya utando kwenye mapezi ya kupozea. Kasha la njia ya pili na ya tatu lichaguliwe lenye neti ya kuvulika mbele. Kompyuta ya ofisi haina neti hiyo, kwa hiyo ifunguliwe na kupulizwa kila mwezi. Isiwekwe sakafuni.

RAM na hifadhi

GB 16 za RAM ndizo kianzio kwa njia zote. Mchezo wa mpira peke yake huchukua takriban GB 100 za hifadhi, hivyo SSD ya GB 500 hujaa kwa michezo mitatu au minne mikubwa, na kwa anayepakua kwa vifurushi vya simu, kufuta na kupakua upya ni gharama inayojirudia. Ikiwezekana, nunua ya TB 1. SSD ya aina ya NVMe ni ya kasi kuliko ya aina ya SATA, lakini mchezoni tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ya kutoka hard disk ya zamani kwenda SSD yoyote.

Kadi iliyotumika

Kwa kuwa njia ya kwanza na ya tatu huishia mara nyingi kwenye kadi ya mtumba, neno moja linahitajika. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji uliotumia kadi za michoro, Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni, RX 580 zikiwa miongoni mwa zinazoonekana zaidi. Baadhi yake ni toleo lenye vitengo 2048 vya kukokotoa badala ya 2304, na huuzwa kwa jina lilelile. Fungua programu ya GPU-Z palepale dukani: itakuonyesha idadi hiyo, na pia itafichua kadi ya kale iliyobadilishiwa jina. Kisha cheza mchezo mzito kwa nusu saa ukitazama joto. Kadi za GTX 10, kama 1060, nazo zipimwe kwa tahadhari, kwa kuwa Nvidia ilifunga masasisho ya kawaida ya draiva zake (programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) Oktoba 2025.

Kuchagua kwa hali yako

Mwanafunzi aliyepanga Nyegezi au Malimbe, anayehama kila mwaka na anayetaka mashine hiyohiyo imfanyie kazi za chuo, atafaidika na njia ya kwanza, hasa akipata kizazi cha nane chenye kasha la wima badala ya lile bapa.

Anayeishi kwa wazazi, mwenye kipato cha vibarua na subira ya kuongeza kidogokidogo, achukue njia ya pili, lakini anunue pawa saplai ya mashine anayoitaka kesho. Ikiwa katika miezi sita hatakuwa na uwezo wa kuongeza kadi, basi njia ya kwanza itampa picha nzuri zaidi kwa fedha ileile.

Mwenye mshahara na umeme ulio imara, anayependa michezo mipya ya hadithi, au anayekusudia pia kuhariri video za harusi, ana sababu ya kwenda njia ya tatu moja kwa moja. Fedha zikimpungukia, ashushe prosesa hadi Core i3-12100F kabla ya kugusa kadi, na aguse kadi kabla ya kugusa pawa saplai.

Na yule anayefungua chumba cha michezo chenye mashine nne au tano, iwe Kirumba au Igoma, ahesabu uniti kwanza. Mashine tano za wati 150 badala ya 250, zikifanya kazi saa kumi kwa siku, humpunguzia uniti 150 kila mwezi. Aweke zote za aina moja, na abaki na moja ya akiba ya kutolea vipuri.